Gari Lililonyimwa Pumzi

Lori lililosheheni saruji haliwezi kulifukuza gari la turbo mlimani likalipata. Inspekta Kimya aliyasema maneno hayo kule bondeni, mwili wa meneja ulipokuwa ukipandishwa kwa kamba, na tangu hapo yalimkwama kooni kama mwiba wa samaki. Gari dogo, jepesi, lenye injini inayosukumiwa hewa na turbo. Lori kuukuu lenye mzigo wa kuvunja mgongo. Mlima mmoja, barabara moja ya vumbi jekundu. Ni sawa na kuambiwa kobe amemkimbiza swala akamkanyaga.

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Lori lilimgonga meneja kwa nyuma, likarudia, likamsukumia ukingoni, gari likabingirika hadi kwenye miti. Lori lenyewe lilikuwa la yadi ileile ya malori aliyoisimamia marehemu. Dereva wake, kijana mwenye macho makavu, alikuwa mahabusu, na tangu akamatwe alikuwa amefumbua mdomo kuomba maji tu.

"Aliyesukuma tunaye," Kimya alimwambia mkaguzi wa magari wa polisi, kwenye banda la kituo lilikoletwa gari. "Mimi namtafuta aliyelifanya gari lishindwe kukimbia."

Hakuitwa Kimya na mama yake. Jina hilo alipewa na wenzake kazini, kwa sababu alikuwa na mtindo wa kuuliza swali moja kisha akanyamaza, mpaka ukimya wenyewe umchoshe mtu, aseme asichokusudia.

Mkaguzi, mtu mnene mwenye ovaroli isiyo na doa, alikuwa ameshafungua boneti iliyobonyea. Aliingiza mkono, akainua bomba nene la mpira lililokuwa likining'inia chini, karibu na gurudumu.

"Hili hapa ndilo linalopeleka hewa ya turbo kwenye injini. Limechomoka. Ajali imelichomoa. Kazi imekwisha, afande."

Kimya hakujibu. Mkaguzi akakohoa.

"Au ulitaka niipime na kompyuta ya gari?"

"Ipime."

Betri ilikuwa nzima. Mkaguzi aliunganisha mashine yake, akasoma, kisha akasoma tena huku akivuta mdomo. Kompyuta ilikuwa imehifadhi kosa: presha ya turbo iko chini. Na ilikuwa imehifadhi hali ya gari wakati kosa lilipotokea. Gari lilikuwa linatembea, kanyagio la mafuta limekandamizwa hadi chini, injini inalia.

"Gari lililopinduka haliendi mbele na mafuta yamekandamizwa," Kimya alisema.

"Haliendi." Mkaguzi alijikuna shingo. "Basi turbo yenyewe ilikufa njiani. Hizi zikizeeka huwa hivyo."

"Tuione."

Mkaguzi alikuwa mtu wa kujiamini kupita kiasi, lakini akishaanza kazi hakuwa mvivu. Alifungua filta ya hewa, ikatoka safi kama kitambaa cha harusi. Akalivua bomba la kuingizia hewa, akapenyeza vidole, akaushika mhimili wa turbo na kuutikisa. Haukucheza. Akalizungusha pangaboi lake, likazunguka bila kukwaruza, mapanga yote mazima. Akachukua pampu ya mkono, akaijaribu fimbo ndogo inayofungua na kufunga mlango wa moshi kando ya turbo. Ikaenda, ikarudi, ikatulia mahali pake. Mwisho akalirudisha lile bomba lililochomoka, akalibana kwa kibano cha kwake mwenyewe, akaziba mdomo wa mbele, akasukuma hewa ya kompresa ndani na kupaka povu la sabuni kila kiungo. Wakainama wote wawili kutazama. Hakuna hata kiungo kimoja kilichotoa mapovu.

"Turbo nzima, mabomba mazima," mkaguzi alikiri. "Presha haikuwa na pa kutorokea ila kwenye huu mdomo mmoja. Bomba lilichomoka kabla."

"Nataka uhakika utakaosimama mahakamani."

Kimya alilichomoa bomba tena, akamulika tochi ndani ya mdomo wa upande wa injini. Humo ndani kulikuwa na vumbi jekundu, laini kama unga, limejipaka hadi ndani kabisa ambako mkono haufiki. Akammulikia mkaguzi naye aone. Bomba likitoka baada ya ajali, injini imeshazimika, nani atavuta vumbi? Injini hii ilikuwa imevuta hewa ya barabarani kwa mdomo wazi, ikipanda mlima, lori likija nyuma.

Ndipo akapitisha kidole kwenye ukingo wa ndani wa bomba. Kikatoka na grisi ya kijani.

"Bomba la turbo huwa linapakwa grisi?"

"Nani akupakie! Linafungwa kavu, likiwa safi. Ukipaka grisi utakuwa umelitegea liteleze." Mkaguzi aliikata kauli yake mwenyewe. Akaendelea polepole. "Mjini hutahisi kitu. Presha ni ndogo. Lakini ukifika mlimani, ukakanyaga mafuta yote, turbo ikajaza..." Akafanya sauti ya kizibo kikitoka.

Kibano chenyewe cha gari kilikuwa bado kinaning'inia. Kilikazwa nusu tu, na kichwa cha parafujo yake kilitazama chini, ardhini. Kimya aliingiza bisibisi kutoka juu, akajaribu kila pembe. Haikufika. Kisha, bila kusema kwa nini, akachomoa kijiti cha kupimia oili na kukipangusa kwenye karatasi. Oili ilikuwa ya rangi ya asali, mpya.

"Kumbe ni kazi ya fundi," mkaguzi alisema kwa sauti kubwa, akiwa na furaha ya mtu aliyefumbua fumbo. "Fundi ndiye muuaji!"

Nyuma yao kitu kilianguka. Kimya aligeuka. Kwenye mlango wa banda, gurudumu kuukuu alilokuwa amekalia dada wa marehemu akiwasikiliza lilikuwa limelala chini, na mwenyewe hayupo.

*

Dada huyo alikuwa mwuza nyama sokoni, mwanamke mwenye mikono mipana na sauti ya kuita wateja kutoka ng'ambo ya barabara. Wazazi wao walipofariki, meneja alikuwa bado anatambaa, na yeye ndiye aliyembeba mgongoni, akamlisha, akamsomesha kwa mapaja ya mbuzi na mbavu za ng'ombe. Tangu mazishi alikuwa anakuja kituoni kila kukicha. Hakulia. Hakuomba chochote ila kimoja. "Nipe jina, afande. Mengine niachie mimi."

Kulikuwa na fundi mmoja tu ambaye familia ilimjua kuwa analishika gari la meneja. Watu walimwita Kipara, na gereji yake ilikuwa uwanja wa mchanga nyuma ya duka la vyuma chakavu. Kimya alipofika, vioo vya magari mawili vilikuwa vimemwagika chini. Wana wawili wa yule dada walikuwa wamemkalisha Kipara juu ya injini iliyokufa, mmoja kamshika huku, mwingine kule. Mama yao alisimama mbele yake na kisu cha kazini, kile chembamba cha kutenganisha viungo.

"Mimi hukata mfupa kila asubuhi," alikuwa akimwambia, bila haraka. "Najua kiungo kinaachia wapi. Nitaanza na hiki kidole kilicholegeza bomba."

"Mama, wallahi mimi sijalegeza kitu! Mimi nilikaza!"

"Dada," Kimya alisema. "Niache nimuulize. Akidanganya utasikia mwenyewe."

Kisu hakikushuka, lakini hakikusogea mbele pia. Kimya aliketi kwenye debe, akawa sawa na Kipara uso kwa uso.

"Gari la meneja uliligusa lini mara ya mwisho?"

"Juma moja kabla ya ajali, afande. Lilikuwa linapiga mluzi likikanyagwa. Nikakuta kibano kimelegea, nikatia kipya. Mluzi ukakoma. Akanishukuru, akaenda zake."

"Ulimbadilishia oili?"

"Oili? Hapana. Nilimwambia imekuwa nyeusi kama lami, ataniletea. Hakuleta."

Kimya alinyamaza. Kipara akamtazama yule mama, akamtazama inspekta.

"Uliza hata wenzangu! Sikumwaga oili ya gari lile!"

"Nionyeshe unavyofunga kibano."

Palikuwa na gari jingine la aina hiyohiyo pale kando, limewekwa juu ya mawe. Wana walimwachia. Mikono yake ilikuwa inatetemeka kiasi cha kuangusha bisibisi, lakini alipoinama ndani ya boneti ikatulia yenyewe, kama punda aliyeijua njia ya nyumbani. Akakivisha kibano, akakizungusha mpaka parafujo ikatazama juu, akakaza.

"Mbona juu?" Kimya aliuliza.

"Nikiielekeza chini nitaikazaje, afande? Mimi sina shimo. Sina hata jeki ya maana." Alionyesha kipande cha boksi kilicholowa oili, kimelala mchangani. "Nikitaka kwenda chini ya gari najilaza pale, pua inagusa injini. Mkono hauna hata pa kugeukia."

"Grisi yako iko wapi?"

Akaleta kopo. Ilikuwa ya kahawia, imejaa mchanga. Kimya aliikoroga kwa kijiti hadi chini, akarudisha kopo, akainuka.

"Si huyu," alimwambia dada.

"Si huyu?" Sauti ya yule mama ilipasuka kwa mara ya kwanza. "Nimeshamshika mtu, unaniambia si huyu! Basi ni nani?"

"Aliyekigusa kibano mara ya mwisho alisimama chini ya gari, wima, mikono juu. Alikuwa na shimo la ufundi. Ana grisi ya kijani. Na alimbadilishia ndugu yako oili, ili apate sababu ya kuwa pale chini."

Kimya alijua amesema zaidi ya inavyotakiwa. Lakini Kipara alikuwa bado anatoka jasho, na wale vijana walikuwa bado wamekunja ngumi. Bila maneno hayo wangemmaliza mara yeye akipinda kona. Alimpakia Kipara kwenye gari la polisi kwa usalama wake, akamwambia askari wake amfikishe kituoni kisha aje na mwenzake mmoja kwenye yadi ya malori ya marehemu. Mwenyewe akaenda kwa miguu. Hapakuwa mbali.

*

Yadi ya malori ilinuka dizeli na mpira. Kwenye banda la ufundi palikuwa na shimo refu lililojengwa kwa saruji, na pembeni mwake pipa la grisi likiwa wazi. Ya kijani. Juu ya shimo lilining'inia gia boksi la lori, zito kama ng'ombe, limefungwa kwa waya uliopita kwenye kapi hadi kwenye winchi ya mkono ukutani. Kijino kimoja tu cha chuma ndicho kilichoizuia winchi isifyatuke.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwanangu." Sauti ilitoka chini. Fundi mkuu wa yadi, Mzee Nati, alikuwa ndani ya shimo akipangusa spana kwa kitambaa, moja baada ya nyingine. "Karibu. Angalia usiteleze hapo."

Kimya alichutama ukingoni.

"Mzee, nimemkamata muuaji wa meneja. Ni fundi wa gereji, yule Kipara."

Spana ikasimama mkononi. Kisha ikaendelea kupanguswa.

"Amekiri?"

"Anakana. Analia, anaapa. Lakini ndugu wa marehemu wameshamvunjia gereji, na leo nimemkuta na kisu mbele ya uso. Kesho sijui kama nitawahi. Akipona kwao, ataoza mahabusu. Ndiyo hali ya mtu asiye na wa kumsemea."

Kimya hakuongeza neno. Nje lori moja liliwashwa, likanguruma, likazimwa. Mzee alipangusa spana ambayo tayari ilikuwa safi.

"Ana baba huyo kijana?" hatimaye aliuliza.

"Anaye. Nimeambiwa yuko njiani anakuja kituoni."

Mzee Nati aliziweka spana chini kwa utaratibu, akakikunja kile kitambaa mara mbili kana kwamba ni shuka.

"Mwachieni," alisema. "Hana hatia. Mimi nilikuwa na kijana kama yeye."

Kimya akasubiri.

"Alikuwa anajaza dizeli hapahapa. Dizeli ikaibwa, meneja akamwonyesha kidole. Polisi wakambeba. Baadaye mwizi mwenyewe akajulikana, na meneja akajua, maana mimi nilimpelekea habari kwa mdomo wangu huu. Neno lake moja lingemtoa mwanangu. Akanyamaza. Alikuwa anaona haya kusema amekosea." Alipumua kwa pua. "Kifua kikamkamata humo ndani. Siku ya mwisho walinikubalia nimwone. Anavuta pumzi, haiji. Anavuta, haiji. Ananitazama mimi babake nimpe, na mimi sina."

"Ndiyo maana ukachagua turbo."

"Ningekata breki, hata mtoto angejua. Na breki ni haraka mno." Hakukuwa na majuto katika sauti ile hata chembe. "Nilitaka akanyage, injini imnyime. Akanyage tena, imnyime. Aone kwenye kioo kinachomjia, ajue pumzi ni kitu gani. Kijana wa lori alikula sahani moja na mwanangu tangu utotoni. Nilimwambia kitu kimoja tu: bomba litatoka pale mlima unapoanza."

"Nimekusikia," sauti nyingine ilisema.

Dada wa marehemu alikuwa amesimama ukutani, karibu na winchi. Kisu kilikuwa kwenye mshipi wa aproni yake, hakukihitaji. Mkono wa kulia ulikuwa umeshika kishikio cha winchi, na kidole gumba cha kushoto kilikuwa juu ya kile kijino. Alikuwa amehesabu mwenyewe kwamba mji ule wenye watu wengi una mashimo machache.

"Ni kweli, afande?" aliuliza bila kumwondolea mzee macho. "Huyo mtoto wake. Ni kweli?"

"Sijui bado. Nitajua."

"Hata kama ni kweli," alisema. "Hata kama ni kweli, alikuwa wangu."

Kishikio kililia kidogo. Gia boksi likatikisika, vumbi likaporomoka shimoni. Kati ya Kimya na winchi palikuwa na hatua nyingi kuliko muda. Alimtazama mzee. Shimo lilikuwa refu; angeweza kukimbilia mwisho wake. Badala yake Mzee Nati alisogea mbele, akasimama chini ya gia boksi sawasawa, akainua uso.

"Dada," Kimya alisema, taratibu. "Mtazame."

"Namtazama."

"Mtazame alikosogea."

Yule mama akatazama. Alimwona mzee aliyefumba macho, mabega yameshuka kama mtu aliyefika nyumbani na kutua mzigo. Usoni mwake kulikuwa na kitu kilichokaribia furaha. Na mwuza nyama, aliyewaona wanyama wengi wakiletwa mbele ya kisu, hakuwahi kumwona hata mmoja aliyekuja kwa hiari yake namna ile.

"Kumbe unakitaka," alimwambia.

"Vuta, mama. Umefika mbali. Vuta."

"Utamfuata mwanao, siyo? Mkae pamoja, mpumzike." Kidole gumba kiliondoka kwenye kijino, polepole, kikifuatiwa na kiganja kizima. Alirudi nyuma mpaka mgongo wake ukagusa ukuta. "Thubutu. Toka humo shimoni."

Mzee alifumbua macho. Kwa mara ya kwanza alionekana hajui la kufanya.

"Toka!"

Askari walikuwa wameshaingia bandani, na Kimya aliwazuia kwa mkono. Mzee Nati aliishika ngazi ya chuma, akaanza kupanda. Wakati huo dada wa marehemu alikuja hadi ukingoni, akainama, akasema naye kwa upole, kama mtu anayemwombea dua mgonjwa.

"Mungu akupe umri mrefu, mzee. Mrefu sana. Akuondolee kila ugonjwa. Uzeeke macho yakiona na akili ikikumbuka. Uwazike wote unaowajua, na wewe ubaki."

Mguu wa mzee ukakosa kipandio. Akabaki ananing'inia kwa mikono, anahema, uso umekuwa wa majivu. Kimya alimdaka kwapani, akamvuta juu, na ilibidi askari wawili wamshike ili asimame. Kule yadini kila mtu alikuwa ameacha kazi. Dada wa marehemu alijipangusa mikono kwenye aproni, akapita katikati yao bila kugeuka nyuma, akiwa bado anamwombea.